Ulizeni Jumla Kabla ya Kutoa Arbuni



Baada ya mavuno ya mbaazi, vijana wengi wa Bonga, Sigino na Nangara huingia mjini Babati kununua pikipiki. Wapo ambao wazazi wao wameuza ng'ombe ili wapate mtaji huo. Kwa familia ya namna hiyo, laki tatu zisizotarajiwa ni fedha ya mbegu na mbolea ya msimu ujao.

Chukulieni mfano. Dukani bei imeandikwa shilingi 2,800,000. Mnunuzi anatoa arbuni ya 500,000. Ndipo yanapotajwa mengine: usajili, bima, kofia ngumu, "maandalizi ya chombo" na "gharama za ofisi". Jumla yafika 3,100,000. Akitaka kuondoka, anaambiwa arbuni hairudishwi. Hapo amekwisha kufungwa.

Si kila nyongeza ni dhuluma, bali sharti zitofautishwe. Zipo ada za Serikali, kama vile usajili, au uhamisho wa umiliki kwa chombo kilichokwisha kutumika. Hizi hupangwa kwa sheria, hulipwa TRA kwa kumbukumbu namba ya malipo, wala muuzaji hana mamlaka ya kuzipandisha. Ikumbukwe kuwa ada ya mwaka ya leseni ya vyombo vya moto ilifutwa mwaka 2017. Anayedaiwa leo aulize ni ya nini. Zipo pia huduma halisi. Bima ni lazima kisheria, lakini mnunuzi ana hiari ya kuchagua kampuni. Ama "gharama za ofisi", hizo ni sehemu ya bei tu iliyopewa jina jingine, na bei hujadiliwa.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi moja, mnunuzi aombe jumla yote kwa maandishi, kila ada na kiasi chake, pamoja na sharti la kurudishiwa arbuni. Akilipa, adai risiti ya EFD yenye kiasi kamili, na ahakikishe kadi imeandikwa jina lake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC, na karatasi hiyo ndiyo ushahidi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.