Baraza Ndani ya Simu

Huku Garsen na kandokando ya Mto Tana, tangu kale mtu aliyefikwa na jambo zito, kama vile mpunga wake kuliwa na ng'ombe walioshuka kwa malka, yaani njia ya mifugo, kwenda kunywa maji mtoni, hupeleka shauri lake kwa wazee, Mpokomo kwa baraza la gasa na Muorma kwa lile la matadeda, naye huhojiwa kwanza kabla ya kupewa rai.

Zama hizi programu ya akili unde yaweza kuigiza baraza la namna hiyo: iamuru ivae nafsi ya mkulima, ya mfugaji na ya mwanasheria, kisha uiambie, "Niulizeni swali mojamoja, wala msitoe shauri mpaka nimalize kujibu."

Yule mfugaji wa kuigizwa akikuuliza, "Malka ilikuwa wazi, au umeilima?", huenda ukakumbuka ulilojisahaulisha.

Walakini tahadhari: sauti zote hizo zatoka chemchemi moja, isiyowahi kukanyaga tope la Tana, na zaweza kukosea kwa ufasaha mkubwa, basi usiitajie programu hiyo majina ya watu, na hukumu waachie wazee wenyewe.