Leseni na Neno la Mdomo

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na wanafunzi, siku ya Mkutano wa Mwaka)



Katibu aliponiandikia alinitaka niseme juu ya mafanikio yangu katika kazi ya ujenzi huko Marekani. Nimemwomba ruhusa, naye kwa hisani yake amekubali, nizungumzie badala yake shauri lililonipata mwaka 2009. Nadhani lina faida zaidi kwa kijana anayetoka katika karakana yetu kuliko picha za nyumba nilizokarabati.

Katika jimbo la California mtu haruhusiwi kushika kazi ya kukarabati nyumba ya mwenziwe mpaka awe na leseni kutoka Bodi ya Leseni za Makandarasi ya jimbo hilo, yenye makao yake Sacramento. Chombo hicho kilianza mwaka 1929. Zimeachwa kazi ndogo ndogo tu: wakati wangu zile zisizofika dola 500, na tangu Januari 2025 zisizofika dola 1,000, kama hazihitaji kibali na fundi hana watu aliowaajiri. Mwombaji wa leseni lazima awe na ujuzi wa miaka minne kazini, aweke dhamana, na afanye mitihani miwili, mmoja wa ufundi na mmoja wa sheria na biashara. Dhamana mwaka 2009 ilikuwa dola 12,500. Tangu 2023 ni dola 25,000. Mtihani wa ufundi niliupita bila jasho, na shukrani ziende kwa karakana ile pale ng'ambo ya uwanja. Ule wa sheria niliukariri kama tulivyokuwa tukikariri tarehe za historia usiku wa kuamkia mtihani, na kama tarehe zile, nikausahau.

Sasa niingie katika shauri lenyewe. Mama mmoja mjane, mwalimu mstaafu, alinipa kazi ya kubomoa na kujenga upya bafu lake na kubadilisha makabati ya jikoni, kwa dola 28,000. Tuliandikiana mkataba. Siku ya kutia sahihi akaniandikia hundi ya dola 3,000 ya malipo ya kwanza, kwa hiari yake, akisema anajua vifaa ni ghali. Nikaipokea. Lakini sheria ya jimbo lile inasema mkandarasi asipokee arubuni inayozidi asilimia 10 ya mkataba au dola 1,000, ile iliyo ndogo kati ya hizo. Yaani nilitakiwa nipokee dola 1,000, basi. Mpaka leo naona sheria hiyo inambana mkandarasi mdogo asiye na mtaji, maana muuza vigae hamkopeshi kila mtu. Hata hivyo nimewaona na watu waliotoa dola 20,000 na fundi asirudi tena, kwa hiyo sitaipigia kelele.

Tulipobomoa ukuta wa bafu tulikuta bomba lilikuwa likivuja miaka mingi, na mbao za chini ya sakafu zimeoza hata kidole kinazama. Nikamwita yule mama aone. Akashika mdomo. Nikamwambia itabidi kuziondoa zote na kuweka mpya, gharama yake itaongezeka. Akasema, "Fanya inavyopasa." Nikafanya, na kazi hiyo ya ziada ikafika dola 4,300.

Hapo ndipo penye kosa langu kubwa. Sheria inataka kila badiliko la kazi na la bei liandikwe, na mwenye nyumba atie sahihi kabla kazi hiyo ya ziada haijaanza. Nililijua jambo hilo. Fomu zilikuwamo garini. Lakini yule mama alikuwa na umri wa kunizaa, ananiletea chai saa nne kila siku na kuniuliza habari za watoto. Kumsimamisha mtu kama huyo mbele ya shimo la sakafu yake na kumwambia "tia sahihi hapa" niliona ni kumvunjia heshima. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa akisema neno, neno limetosha.

Nilipompelekea hesabu ya mwisho akakataa zile dola 4,300. Alisema hakuambiwa kiasi. Na kweli, Ndugu zangu, kiasi sikumwambia, nilimwambia "itaongezeka". Kwa hasira akazuia na salio la mkataba. Mimi nami, kwa kukosa salio hilo, nikashindwa kumlipa fundi vigae niliyempa sehemu ya kazi. Sheria ya huko inampa fundi wa namna hiyo haki ya kuandikisha dai lake juu ya nyumba yenyewe, katika ofisi ya kaunti inayotunza hati za ardhi, hata kama hakuwahi kupatana lolote na mwenye nyumba. Fundi vigae akaandikisha. Mama yule akapata barua kwamba nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe ina deni la mtu asiyemfahamu hata jina. Kesho yake akaandika malalamiko Sacramento.

Bodi haiji na pingu. Kwanza ilikuja barua ikinitaka nijibu, kisha ofisa mmoja akajaribu kutupatanisha kwa simu. Tulishindwa kupatana, na nakiri kwamba mimi ndiye niliyekuwa mkaidi zaidi. Shauri likapewa mpelelezi, naye akaleta mtaalamu, mkandarasi mwenye leseni kama mimi, akague kazi. Mtaalamu yule aliweka pimamaji juu ya sakafu ya bafu, akamwaga maji ndoo moja, akasimama kimya akiyatazama. Maji yalituama pembeni. Mwinamo kuelekea kwenye tundu ulikuwa haukutosha. Nilikuwa nimekwisha jiaminisha kwamba ugomvi wetu ni wa karatasi tu, kumbe hata ufundi wangu ulikuwa na dosari siku ile. Aibu ya maji yale ilinizidi aibu ya mengine yote.

Mbele ya mpelelezi nilitoa hoja yangu: mbao zilikuwa zimeoza, nimeweka mpya, nani atanilipa? Akanijibu kwa upole kwamba Bodi haikusanyi madeni ya makandarasi; kama nadai, mahakama ipo. Yeye kazi yake ni kuangalia kama mwenye leseni ametimiza masharti ya leseni. Nilitoka pale nimenywea. Baadaye nikafahamu kwamba hata mama yule alikuwa amekata tamaa kwa njia yake. Alidhani faini nitakayotozwa atapewa yeye, akaambiwa faini ni ya serikali. Alidhani Bodi italifuta lile dai juu ya nyumba yake, akaambiwa hilo nalo si lake. Wote wawili tulikwenda kwenye mlango mmoja kutafuta kitu ambacho ndani hakimo. Kilichokuwa mezani ni leseni yangu peke yake.

Nayo leseni ile ilikuwa ndiyo ada ya watoto na kodi ya nyumba. Mkandarasi asiye na leseni, kwa sheria ya California, hawezi kudai mahakamani hata senti moja ya jasho lake, na mteja anaweza kumdai arudishe yote aliyokwisha lipwa. Makosa mazito hupelekwa mbele ya hakimu wa mashauri ya kiutawala, na mtu anaweza kunyang'anywa leseni kabisa. Wiki sita nilizongoja uamuzi sikuomba kazi mpya hata moja.

Sikunyang'anywa. Nilipewa hati ya kosa, yenye faini ya dola 600 na amri ya kurekebisha sakafu ya bafu kwa gharama yangu. Ningeweza kupinga mbele ya hakimu. Rafiki zangu walinishauri nipinge. Nisingetii wala kupinga, leseni ingesimamishwa. Nililipa. Fundi vigae nilimlipa kutoka akiba yangu, naye akaliondoa dai lake kwa maandishi. Zile dola 4,300 sikuzidai mahakamani. Na kwa miaka mitano baada ya kutimiza amri hiyo, kila aliyetaka kunipa kazi aliweza kuitazama namba ya leseni yangu katika kumbukumbu za Bodi na kuliona kosa langu. Wengine waliniuliza. Wengine, nadhani, hawakunipigia simu.

Nilirudi kuvunja vigae vyangu mwenyewe kwa siku tatu. Chai haikuja. Siku ya tatu mama yule alisimama mlangoni, akanitazama nikimwaga maji, yakaenda yote kwenye tundu. Akasema, "Laiti ungeniambia ni dola ngapi." Nikamletea karatasi ya kukiri kwamba kazi imekamilika. Akavaa miwani, akaisoma yote mstari kwa mstari, akatia sahihi, akaomba nakala yake.

Huku kwetu tunayo Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa Sheria Na. 17 ya 1997. Lakini mwananchi anayeongeza chumba kimoja kwa kawaida hupatana na fundi kwa mdomo, chini ya mwembe, na wakigombana huitwa mjumbe au mzee wa mtaa, kama baba zetu walivyomwita balozi wa nyumba kumi. Mzee hutaka kujua mlisemaje siku ile. Basi hapo kila mmoja husema lake.

Ndugu Mwenyekiti, fomu ya mabadiliko ya kazi niliyoitumia tangu 2009 hadi nilipostaafu ina mistari minane: kazi gani, kwa nini, bei gani, siku ngapi, na nafasi za sahihi mbili na tarehe. Nimeiandika kwa Kiswahili, na nakala 100 nimemkabidhi mwalimu wa karakana asubuhi hii. Kidato cha Tatu wameniomba niwaonyeshe namna ya kuijaza; nitakuwa nao saa tisa.