Daftari la Duka

Somo: 2 Wafalme 4:1-7

Wengine wenu mnatusikiliza mkiwa jikoni, moto ndiyo kwanza umeshika, na huenda sasa hivi mama amefungua mkebe wa sukari akaona chini. Ikiwa ndivyo, basi mazungumzo ya asubuhi ya leo ni yenu. Twataka kunena juu ya chakula cha nyumbani na fedha zake, tangu siku ya mshahara mpaka mwezi uishe. Huenda mtu akasema kwamba hilo si neno la mimbarani. Sisi nasi tulidhani hivyo kwa miaka mingi. Katika chuo cha theolojia tulisoma Kiyunani, tukasoma historia ya Kanisa na namna ya kuandaa mahubiri, lakini hakuna siku tulipoulizwa kilo moja ya sukari hukaa siku ngapi katika nyumba yenye watu saba.

Katika somo letu yuko mjane mmoja anayemlilia nabii Elisha. Mumewe alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa manabii, mtu aliyemcha Mungu, na mjane mwenyewe alishuhudia hivyo. Lakini mtu huyo amekufa akaacha deni, na mwenye kumwia amekuja kuwachukua wana wawili wa mjane wawe watumwa. Tazameni jambo hilo, ndugu. Biblia haituambii alikopa kwa ajili ya nini. Haikusemwa kwamba alikuwa mlevi, wala mcheza kamari. Alikuwa mtumishi wa Mungu, na alidaiwa. Tulikuwa tumeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara tulikimbilia muujiza wa mafuta. Lile deni tuliliruka kama mtu arukavyo dimbwi njiani.

Mwaka 2022 ndipo tuliposimama mbele yake. Mtakumbuka ulivyokuwa mwaka ule: pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili ilipita shilingi 200, hata mwezi wa Julai Serikali ikaleta ruzuku ya muda ili iuzwe kwa shilingi 100. Kila nyumba ililia, nasi tulilia. Lakini ukweli ni kwamba sisi tulikuwa tumeanza kudaiwa kabla unga haujapanda. Bei ilitupatia kisingizio tu.

Karibu na kanisa tulilokuwa tukilitumikia palikuwa na duka dogo la mama mmoja mjane, Mkristo wa kanisa letu, mwaminifu katika Umoja wa Akina Mama. Alikuwa na daftari lake la deni, kama walivyo wenye maduka wengi. Desturi yetu ilikuwa hii. Mshahara ulipoingia tulikwenda mjini bila karatasi yoyote, tukajaza kikapu kwa furaha ya siku ile. Ilipofika tarehe 12 au 15 fedha zilikuwa zimekwisha. Tangu hapo mtoto alitumwa dukani na maneno mawili: "Mama aandike." Mkate, aandike. Robo ya sukari, aandike. Wageni wamekuja, soda sita, aandike. Mwisho wa mwezi tulipunguza kidogo, tukaacha kingine, kisha mwezi mpya tukaanza tena. Hakuna kati yetu aliyejua jumla. Baba alidhani mama anajua, mama alidhani baba anajua, na aliyejua zaidi yetu sote alikuwa mtoto wetu wa tatu, yule aliyetumwa.

Siku moja ya mwezi wa Agosti mtoto huyo alikuwa na homa, basi tukaenda dukani wenyewe. Rafu zilikuwa zimebaki na viberiti, chumvi, na vipande vya sabuni. Tukamwuliza mama yule kama biashara imeharibika. Akatazama chini, akasema, "Wateja wapo, Pasta. Mali ndiyo haipo." Tukaomba kuona ukurasa wetu. Alisita sana, akapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi, mwisho akalifungua daftari. Haukuwa ukurasa mmoja, zilikuwa kurasa nne. Jumla yake shilingi 9,460.

Hapo, ndugu, somo letu liligeuka mbele ya macho yetu. Katika Biblia mjane ndiye aliyedaiwa. Kwetu mjane ndiye aliyedai, na mtumishi wa Mungu ndiye aliyekuwa amekula mtaji wake, kidogo kidogo, mkate kwa mkate. Naye hakuwa na ujasiri wa kuja mlangoni petu. Angewezaje kumdai mtu ambaye Jumapili anapiga magoti mbele yake kupokea Ushirika Mtakatifu? Alikuwa amenyamaza kwa heshima, na kunyamaza kwake kulikuwa kunafunga duka.

Usiku ule, watoto walipolala, tukaketi mezani na karatasi. Tulikaa mpaka saa sita usiku, na hatutasema kwamba tulikaa kwa upole wote. Mmoja wetu alimlaumu mwenzake kwa soda za wageni. Mwenzake akamkumbusha nyama iliyonunuliwa njiani kila Ijumaa bila kuulizana. (Ni yupi aliyenunua nyama, jirani zetu wanajua.) Tukanyamaza kwa muda. Kisha tukakumbuka kwamba Elisha hakumwuliza mjane amepungukiwa na kiasi gani. Alimwuliza ana nini ndani ya nyumba.

Basi tukachukua taa tukaenda kwenye kabati. Tulikuta pakiti tatu za majani ya chai, zote zimefunguliwa. Tulikuta maharagwe karibu gorogoro mbili nyuma ya sufuria kubwa, yameanza kuliwa na dumuzi. Tulikuta unga wa wimbi aliotuletea bibi wa watoto tangu Pasaka. Nyumba iliyokuwa ikikopa ilikuwa na chakula ambacho hakuna aliyekikumbuka. Mtu anayenunua bila kutazama kabati hununua mara mbili, nasi tulikuwa tukinunua mara mbili kwa mali ya mjane.

Tukalichukua na jambo la mkate tukalipigia hesabu. Wakati ule tulinunua mkate kwa shilingi 60, nasi tulikula miwili kila asubuhi. Hiyo ni shilingi 120 kwa siku, na kwa siku 30 ni shilingi 3,600. Hatukuwa tumewahi kuiona hesabu hiyo imeandikwa. Tulikubaliana kwamba mkate utakuwa wa Jumapili tu, yaani shilingi 480 kwa mwezi. Siku nyingine ni uji wa wimbi na viazi vitamu, tukavitengea shilingi 900. Deni tukaligawa kwa miezi mitano, shilingi 1,892 kila mwezi. Tulipotoa hayo yote katika zile 3,600 zilibaki shilingi 328. Watoto walinung'unika kwa juma moja hivi. Baba yao alinung'unika kwa majuma matatu.

Zile shilingi 328 tuliziweka ziwe za wageni, nasi twaomba tulieleze jambo hili, kwa kuwa hapo ndipo nyumba nyingi za Wakristo huvunjikia. Sisi Waafrika hatupendi kuuhesabu mlo wa mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatukutaka kuliacha neno hilo, wala hatujaliacha. Lakini tulikuwa tukimpa mgeni ukarimu wetu na kumwachia mwenye duka gharama. Tangu wakati huo mgeni ana fungu lake katika mkebe, lilitengwa kabla hajabisha hodi. Likiisha, mgeni hula tulacho. Wako ndugu waliotuambia kwamba kupima chakula hivi ni kukosa imani. Twawajibu kwamba Mungu mwenyewe aliipima mana jangwani, pishi moja kwa kila kichwa, na siku ya sita maradufu, wala hakuna aliyemwita bahili.

Namna tuifuatayo ni nyepesi, hata mtu asiye na mshahara wa mwezi aweza kuifuata kwa fedha za majani ya chai, za maziwa au za kibarua. Siku fedha zinapoingia twatoa kwanza fungu la Bwana na la deni. Kisha twanunua vya kukaa, navyo ni mahindi ya kusaga, maharagwe, mchele kidogo, sukari, mafuta, chumvi na sabuni, kwa karatasi iliyoandikwa baada ya kutazama kabati. Mafuta ya kununua kwa kipimo kidogo kila jioni huonekana rahisi, lakini mwisho wa mwezi huwa ghali kuliko mtungi. Fedha za mboga, nyanya, omena na maziwa hugawanywa mara nne, moja kwa kila juma, na fungu la juma la tatu haliguswi katika juma la pili. Kila jioni mtoto mmoja huandika katika daftari la shule kilichonunuliwa siku hiyo. Kazi hiyo haizidi dakika tano. Twaweza kukiri kwamba kuna jioni tunazosahau, na kesho yake hesabu hukataa.

Siku hizi, ndugu, daftari la deni limeingia hata mfukoni. Tangu mwaka 2012 mtu aweza kukopa kwa simu usiku wa manane akiwa kitandani, na hakuna mama wa dukani wa kumwonea haya. Mikopo ya kwanza ya namna hiyo ilikuwa na ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Aliyekopa shilingi 2,000 za unga na sukari alirudisha 2,150, na unga ulikuwa umekwisha liwa zamani. Tulijaribu mara mbili. Mara ya pili tulikopa ili kulipa ule wa kwanza, hapo tukaogopa.

Msidhani kwamba mambo yalikwenda sawasawa tangu siku ile. Mwezi wa Oktoba tulipata msiba katika jamaa. Watu walikuja, wakalala, wakala, kama inavyostahili. Fungu la wageni liliisha siku ya kwanza, na la majuma mawili likafuata. Siku ya nne mmoja wetu alimwita mtoto amtume dukani na yale maneno mawili. Mtoto akasimama mlangoni, akasema kwa heshima, "Baba, tulisema hatutaandikisha tena." Wazee walikuwa wameketi hapo, wakasikia. Ilikuwa aibu, hatutaficha. Jioni ile tuliwapa wafiwa githeri na chai ya rangi isiyotosha sukari, na mzee mmoja akaomba aongezwe githeri. Mwezi huo tulimpeleka mama wa duka shilingi 900 tu badala ya 1,892, tukamweleza sababu. Akaandika 900.

Kwa hiyo hatukumaliza mwezi wa Desemba kama tulivyopanga. Tulimaliza mwishoni mwa Januari 2023. Elisha alikuwa amempa yule mjane utaratibu: auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kile kinachosalia. Kwa miaka mingi sisi tulikuwa tumeufuata kinyume, tukiishi kwanza, na deni likingojea kinachosalia, nacho hakikusalia.

Siku ya kumaliza tulikwenda wote wawili. Rafu zilikuwa na unga tena, na mafuta, na mikate imepangwa mbele. Mama yule alihesabu fedha mara mbili, akachukua kalamu na rula ya mtoto wake, akapiga mstari juu ya jina letu katika kurasa zile nne, kila ukurasa mstari wake. Kisha akasema, akicheka kidogo, "Pasta, tangu mje hapa sijasikia mahubiri juu ya deni hata mara moja."

Ilikuwa kweli. Miaka mitatu tulikuwa tumelipita neno la Mtume Paulo kwa Warumi, sura ya 13, kwa kuwa tuliogopa macho yake akiwa ameketi safu ya pili. Jumapili iliyofuata tulilisoma. Baada ya ibada wazee wawili wa kanisa walionekana wakielekea dukani.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeiona nyumba ya yule mjane, uzitazame nyumba zetu asubuhi hii, na makabati yetu, na madaftari yetu. Uwakumbuke wenye maduka madogo ambao wametuvumilia kwa kunyamaza. Uwape wale wanaodaiwa leo ujasiri wa kwenda wenyewe na kuomba kuuona ukurasa wao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.