Shuka Pwani na Kalamu

Leo tunazungumzia plastiki baharini, na hasa namna mimi na wewe, tusio na maabara wala boti ya utafiti, tunavyoweza kuipima.

Mara kwa mara tunasikia habari za watu waliojitokeza kusafisha ufuo. Wamevaa fulana za rangi moja, wamejaza magunia, wamepiga picha. Kazi njema kabisa. Lakini waulize mwaka ujao kama taka zimeongezeka au zimepungua, watabaki kutazamana, maana magunia yalikwenda dampo bila mtu kujua ndani mna nini. Huko Texas, Marekani, mwaka 1986, wakati ulipoanza ule usafi wa pwani ambao leo hufanyika duniani kote kila Septemba, washiriki walipewa kadi za kuandika kila walichookota. Kadi hizo ndizo zilizogeuza usafi kuwa utafiti.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Chagueni kipande cha ufuo chenye urefu wa mita 100, na mwanzo na mwisho wake pawe na kitu kisichohama: jiwe, mnazi, nguzo. Nendeni maji yakiwa yamekupwa. Tembeeni kutoka ukingo wa maji hadi majani yanapoanzia, mkiokota kila kitu kinachozidi sentimita 2.5, yaani kuanzia kama kizibo cha chupa ya maji. Kisha gawanyeni mafungu: chupa, vizibo, ndala, mirija, kamba, nyavu, na vipande visivyojulikana vilitokana na nini. Hesabuni kila fungu, halafu lipimeni kwa mizani.

Kwa nini vyote viwili? Tazama kisiwa cha Aldabra, huko Ushelisheli, ambako hakuna mji wala hoteli. Mwaka 2019 watu waliojitolea waliondoa tani 25 za taka. Kwa uzito, sehemu kubwa mno ilikuwa zana za uvuvi, nyavu na kamba. Wakati huohuo ndala zilikuwa tele, watafiti wakakadiria kisiwa kizima kina laki kadhaa. Ukihesabu tu, utamlaumu mvaa ndala. Ukipima tu, utamlaumu mvuvi.

Kuna jambo jingine, nalo wengi hulisahau. Taka unazozikuta leo zaweza kuwa zimerundikana miaka mingi, hivyo wingi wake haukuambii bahari inaleta kiasi gani. Dawa yake ni kusafisha kipande chenu kabisa, kisha kurudi kila siku kwa siku kadhaa mfululizo, kuokota na kuhesabu kilichoingia tangu jana. Hii inachosha, sikufichi, lakini kwangu mimi ndiyo njia yenye thamani kubwa kuliko zote. Na mlinganishe msimu na msimu wake. Kusi na kaskazi hazisukumi maji kwa namna moja, na masika mito hushusha taka za mijini. Aliyehesabu Januari mwaka huu na Mei mwaka ujao amepima hali ya hewa zaidi ya plastiki.

Siku mkikuta hakuna kitu, andikeni sufuri. Mkiacha wazi, msomaji hatajua kama ufuo ulikuwa safi au hamkwenda.

Chupa ziangalieni kwa makini zaidi. Kitako au lebo huwa na tarehe na nchi ilikotengenezwa. Chupa ya mbali iliyogandwa na viumbe vyenye magamba, kama vile vinavyoshika chini ya ngalawa, imeelea muda mrefu. Chupa ya nchi hiyohiyo ya mbali yenye tarehe ya karibuni na isiyogandwa na kitu, huenda ilitupwa hapo jirani, labda kutoka melini.

Mwisho ni vidonge vya plastiki, malighafi ya viwandani, vidogo kama choroko. Oktoba 2017 dhoruba iliangusha makontena kwenye bandari ya Durban, na tani 49 za vidonge hivyo zikamwagika. Wiki chache baadaye vilikuwa vimetapakaa kwenye zaidi ya kilomita 2,000 za pwani ya Afrika Kusini, na wananchi walioviona wakatoa taarifa, ndipo ramani ya msambao ikachorwa.

Vidonge hivi hunyonya sumu iliyomo majini. Mwaka 2005, Profesa Hideshige Takada wa Tokyo alianza kupokea vidonge kutoka kwa watu wa fukwe za nchi nyingi, akivichunguza kama vina sumu, mfano DDT. Huhitajika kama mia moja au mia mbili, na vilivyogeuka manjano ndivyo bora, kwa sababu vimekaa baharini muda mrefu. Usivitie kwenye mfuko wa plastiki. Vifunge kwa karatasi ya alumini, viweke kwenye bahasha, na juu yake uandike jina la ufuo na tarehe uliyookota.