Supra au RX-7: hesabu ya gari la kasi lenye umri

 

Barua tunayoijibu leo imetoka Birmingham, Uingereza. Mwandishi wake ni mwenyeji wa Mombasa, anayefanya kazi ya zamu za usiku katikati ya mji huo, maili tatu tu kutoka anapoishi. Anasema amejiwekea akiba kwa miaka sita, na sasa anataka kununua gari alilolitamani tangu ujana wake. Yako mawili machoni pake, yote ya milango miwili na yote yaliyoundwa Japani katika miaka ya tisini: Toyota Supra na Mazda RX-7. Anauliza achague lipi. Kisha, mwishoni mwa barua, ameongeza maneno ambayo kwa maoni yetu ni mazito kuliko swali lenyewe: kwamba fedha hizo ndizo zote alizo nazo, na kwamba siku atakaporejea nyumbani atalipakia gari hilo melini aende nalo.

Kuuliza si ujinga, na ndugu yetu huyu amefanya vyema kuuliza kabla ya kulipa.

Mvuto wa magari haya mawili unaeleweka. Filamu ya The Fast and the Furious, iliyotoka mwaka 2001, iliyapa sifa duniani kote. Yote mawili yamo: Supra ya rangi ya chungwa iliyoendeshwa na mhusika aliyeigizwa na Paul Walker, na RX-7 nyekundu ya mhusika wa Vin Diesel. Supra moja iliyotumika katika filamu hiyo ilipigwa mnada Las Vegas, Marekani, mwezi Juni 2021, ikauzwa kwa dola 550,000. Hiyo si bei ya gari la kawaida, lakini inatufundisha jambo moja. Anayenunua magari haya leo hulipia chuma, na juu ya chuma hulipia kumbukumbu za ujana wake. Chuma kinaweza kukaguliwa na fundi. Kumbukumbu hazikaguliki, na wauzaji wanalijua hilo.

Basi tukiangalie chuma chenyewe.

Supra tunayoizungumzia ni ya kizazi cha nne, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1993 hadi 2002. Injini yake, iitwayo 2JZ, ina ujazo wa lita 3 na silinda sita zilizopangwa katika mstari mmoja. Iko ya namna mbili. Ya kwanza haina turbo, nayo hutoa nguvu za farasi zipatazo 220. Ya pili ina turbo mbili zinazopokezana: moja huanza kazi injini inapozunguka polepole, na ya pili huungana nayo mwendo unapopanda. Kwa soko la Japani ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 280, kwa sababu makampuni ya nchi hiyo yalikuwa yamekubaliana wakati ule kutotangaza zaidi ya kiwango hicho. Zilizouzwa nje zilitangazwa kuwa na nguvu zipatazo 320.

Sifa ya injini hii ni uvumilivu wake. Bloku yake ni ya chuma, wala si ya alumini, na huhimili nguvu nyingi kupita zile ilizotoka nazo kiwandani. Lakini sifa hiyo hiyo ndiyo iliyoyaponza magari mengi. Kwa kuwa injini huvumilia, wenye magari waliiongezea nguvu bila kipimo, na gari unaloliona leo likimetameta huenda limepita mikononi mwa watu watano, kila mmoja akiongeza lake na kuondoa lake. Zaidi ya hayo, turbo za magari ya soko la Japani zina magurudumu ya kauri, ambayo huweza kuvunjika shinikizo likiongezwa kupita kiasi. Na kwa kuwa yenye turbo ina thamani kubwa zaidi, zimekuwapo Supra zilizozaliwa bila turbo zikavalishwa turbo baadaye. Mnunuzi na asome bamba la utambulisho lililomo ndani ya boneti, alinganishe na hati, asiridhike na maneno.

Sasa tuje kwa Mazda. RX-7 ya kizazi cha tatu ilianza kuundwa mwaka 1991, ikakoma mwaka 2002. Mwaka huo wa 1991 ndipo Mazda, kampuni ya Hiroshima, iliposhinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans nchini Ufaransa kwa gari lenye injini ya rota, na kuwa kampuni ya kwanza ya Japani kupata ushindi huo.

Injini ya rota ni fikra ya Mjerumani Felix Wankel. Ndani yake hamna pistoni za kupanda na kushuka. Mna rota, chuma chenye umbo la pembetatu yenye pande zilizotuna, kinachozunguka ndani ya chumba chenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. RX-7 ina rota mbili, na ujazo wake wote, kwa hesabu ya kiwanda, ni lita 1.3 tu. Hata hivyo, kwa msaada wa turbo mbili, ilianza na nguvu za farasi 255, na kufikia mwaka 1999 baadhi yake zilitangazwa kuwa na 280. Kwa kuwa injini ni ndogo na nyepesi, wahandisi waliweza kuiweka nyuma ya ekseli ya mbele, na uzito ukagawanyika karibu sawa kwa sawa mbele na nyuma. Gari zima lina uzito wa kilo zinazokaribia 1,300, ilhali Supra yenye turbo hukaribia 1,500 au kuzidi. Katika barabara yenye kona nyingi, RX-7 hugeuka kwa wepesi ambao Supra haiufikii.

Lakini kila raha ina gharama yake. Katika kila ncha ya rota mna kipande chembamba cha chuma kinachoziba hewa isivuje kutoka chumba kimoja hadi kingine. Vipande hivyo vikichakaa au kuvunjika, injini hupoteza nguvu, na dawa yake ni kuifungua yote. Ili vipande hivyo visikauke, pampu hupeleka oili kidogo ndani ya chumba cha mwako, ikaungua pamoja na petroli. Maana yake ni kwamba injini hii hula oili kwa makusudi ya walioibuni, na mwenye gari anayesahau kupima oili hujitafutia msiba. Tena haipendi joto la kupita kiasi hata mara moja. Rejeta iliyochoka, ambayo katika gari jingine ingekuletea usumbufu wa siku moja, katika RX-7 huweza kukugharimu injini.

Liko jambo jingine linalomhusu hasa mwandishi wa barua yetu. Injini ya rota ikiwashwa ingali baridi, ikaendeshwa kidogo, kisha ikazimwa kabla ya kupata moto, huweza kujaa petroli ikakataa kuwaka tena. Mtu anayekwenda kazini maili tatu katika usiku wa baridi yumo katika hatari hiyo. Hata Supra haifaidiki na safari fupi namna hiyo, ila yenyewe husamehe zaidi.

Na kwenda kazini kwenyewe kuna hesabu yake. Tangu Juni 2021, eneo la katikati ya Birmingham lina ada ya hewa safi, pauni 8 kwa siku kwa gari dogo lisilotimiza masharti ya moshi. Kwa magari ya petroli sharti ni kiwango cha nne cha Ulaya, ambacho magari ya miaka ya tisini kwa kawaida hayakifikii. Siku huhesabiwa kuanzia saa sita za usiku hadi saa sita za usiku. Kwa hiyo anayeingia jioni na kutoka alfajiri amegusa siku mbili, na zamu tano za usiku mfululizo hugusa siku sita, ambazo ni pauni 48. Walioko London nao wana ada ya namna hiyo, pauni 12.50 kwa siku, ambayo tangu Agosti 2023 imeenea katika mitaa yote ya jiji hilo. Namba ya gari huingizwa katika tovuti ya serikali na jibu hupatikana papo hapo. Ni vyema kulitafuta jibu hilo kabla ya kulipa hata arubuni.

Kuhusu kulipeleka gari Mombasa, tunasikitika kumwambia ndugu yetu ukweli ulivyo. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane. Uganda nayo, tangu mwaka 2018, imeyafungia mlango magari yenye umri wa zaidi ya miaka 15. Tanzania huyapokea yaliyozeeka, lakini kwa ushuru wa ziada. Kwa hiyo anayenunua Supra au RX-7 akitumaini kuliteremsha bandarini Kilindini anajenga juu ya mchanga. Gari hilo litaishi Uingereza, na siku ya kurejea nyumbani litauzwa huko huko. Jambo hili hubadilisha swali zima, kwani sasa anahitaji gari ambalo mtu mwingine naye atakubali kulinunua.

Baada ya hayo, tuseme jinsi ya kukagua. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa methali hiyo ichukuliwe kama ilivyo. Barabara za Uingereza hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi huleta kutu. Gari liinuliwe, litazamwe sakafu, kingo za chini ya milango na mahali zinapofungwa springi za nyuma. Rangi mpya chini ya gari la miaka thelathini ina maelezo, nayo yaombwe. Kisha zisomwe rekodi za ukaguzi wa kila mwaka, ambazo serikali ya Uingereza imeziweka katika mtandao bila malipo. Humo maili huandikwa kila mwaka, na gari ambalo maili zake zimepungua badala ya kuongezeka limejishuhudia lenyewe.

Kwa RX-7, lisinunuliwe kamwe bila kupimwa mgandamizo wa hewa kwa kifaa maalumu cha injini za rota, kwani kipimo cha kawaida cha pistoni hakitoshi. Kila rota ina pande tatu, na pande zote tatu zionyeshe nguvu zinazolingana. Muuzaji anayekataa kipimo hicho ameshajibu. Liwashwe likiwa baridi, kisha lizimwe likiwa moto na kuwashwa tena. Injini iliyochoka mara nyingi husitasita katika hilo la pili. Kwa Supra, yaulizwe mabadiliko ya mkanda wa taimingi na itazamwe gia. Giaboksi ya mikono yenye gia sita, iliyokuja na Supra za turbo, ni ghali mno, na magari mengi yaliyo na gia za mikono leo yalizaliwa na gia za otomatiki.

Kwa magari yote mawili, zisomwe tarakimu nne zilizo ubavuni mwa tairi. Zikiwa 2312, tairi ilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2012, hata kama meno yake yangali marefu. Magari haya hayana mitambo ya kisasa ya kulizuia gari lisiteleze. Katika mvua, kati ya dereva na ukuta kuna matairi yake na busara yake tu.

Tumefika penye uamuzi. Kwa mtu mwenye nyumba yenye gereji, fundi anayejua rota aliye karibu naye, gari jingine la kwendea kazini, na akiba ya kufungua injini bila kukosa kodi ya nyumba, RX-7 ni gari litakalompa furaha ambayo magari machache huitoa. Ndugu yetu wa Birmingham hakututajia hata kimoja katika hivyo. Yeye anayo akiba ya miaka sita na safari ya maili tatu.

Kwa hiyo ushauri wetu ni Supra, na si ile yenye turbo, ambayo bei yake imepaa na itameza kila alicho nacho. Atafute isiyo na turbo, isiyochezewa, yenye hati zake zote. Akiipata, asitoe zaidi ya robo tatu ya akiba yake. Robo iliyobaki aiweke kwa ajili ya mkanda, matairi, rejeta, bima na yale yasiyotarajiwa. Kazini aende kwa basi, na gari litoke mwishoni mwa juma katika safari ndefu, injini ipate moto unaostahili. Na ikiwa robo tatu hiyo haitoshi kununua lililo zima, asinunue bovu kwa sababu ni rahisi. Asubiri mwaka mmoja zaidi. Ametamani tangu ujanani, na mwaka mmoja hautamdhuru, ilhali injini iliyokufa mwezi wa pili itamwondolea gari na akiba kwa pamoja.