MAUMIVU YASIYOTOKA DAMU
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama)



Mkono ukikatwa na mashini, kila mtu huona damu, na mwajiri hawezi kukana. Lakini yule aliyesimama karibu akaona mwenzake akikatwa, yeye hatoki damu. Usiku hapati usingizi. Akisikia mashini hutetemeka. Mwishowe hafiki kazini siku 3, na barua ya kufukuzwa humfikia. Husemwa kuwa ni mlevi au mvivu. Sisi twasema: huyo naye ameumia.

Ndugu, wako waliosomea maumivu ya namna hii. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili, aweza kutoa dawa. Mtaalamu wa saikolojia husaidia kwa mazungumzo na vipimo. Kazi yake ina sheria hapa Kenya tangu mwaka 2014, basi mwulizeni kwanza kama ameandikishwa. Jueni tena kwamba Sheria ya Kazi ya 2007 humpa mgonjwa aliyetimiza miezi 2 kazini siku zisizopungua 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, lakini yataka cheti cha daktari. Barua ya mshauri peke yake yaweza kukataliwa.

Sasa sikilizeni sana. Kutibiwa ni jambo moja. Kupimwa kwa ajili ya kesi ni jambo jingine. Anayekutibu hutunza siri yako. Anayekupima kwa ajili ya korti huandika ripoti, nayo husomwa na mawakili wa pande zote mbili na jaji. Kwa hiyo kabla ya kufungua kinywa uliza: Nani amekutuma kwake? Nani anamlipa? Ripoti itakwenda kwa nani? Wala usitie chumvi, maana mtaalamu huyo ataulizwa maswali kortini, na uwongo mmoja huharibu kesi nzima.

Tena usingoje. Fidia ya ajali ya kazini huombwa katika miezi 12. Kesi ya kufukuzwa, katika miaka 3. Ukiitwa kujieleza juu ya makosa kabla ya kufukuzwa, sheria yakuruhusu kwenda na mwakilishi wa chama. Nenda naye, na umwambie kweli yote mapema.

Wengine wetu huona haya. Wako waliotaka kujiua, wakaogopa kusema kwa kuwa sheria iliwahesabu wakosaji. Januari 2025 Korti Kuu ilitamka kwamba kumwadhibu mtu wa namna hiyo ni kinyume cha Katiba. Basi semeni. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Na wewe uliye mzima, ukiona mwenzako amebadilika, usimcheke. Mpeleke kwa daktari, kisha mlete ofisini kwetu, na tarehe ya ajali iandikwe siku hiyo hiyo.

Umoja ni nguvu.