Kwa Nini Tumeandika Barua Kuhusu Umeme wa Bahari

Maneno ya Kamati ya Elimu na Vijana katika sherehe ya Uhuru, Edinburgh, Desemba 2024

 Tumepewa dakika kumi na tano tu, na akina mama wa jikoni wametuonya kwamba pilau haingoji hotuba.

Wengi mnakumbuka jinsi mkutano wa Oktoba ulivyowaka moto. Kamati yetu ilileta rasimu ya barua kwa wabunge wa huku Uskoti, kuiomba serikali isikate fedha inazotenga kwa ajili ya umeme wa mikondo ya bahari. Mzee wetu mmoja akasimama, akatoa bili yake mfukoni. Akasema, "Wanangu, mimi nyumbani nawasha hita saa mbili kwa siku, halafu nyinyi mnaniomba nisaini niongezewe." Ukumbi mzima ukampigia makofi. Mzee wetu, ulikuwa na haki ya kuuliza, na siku ile hatukukujibu vizuri. Leo tunajaribu tena.

Tuanze na watoto, maana wao ndio waliotuingiza kwenye jambo hili. Kiangazi tuliwapeleka Orkney. Feri ya kutoka Scrabster hadi Stromness ilitutikisa sawasawa. Nusu yao walitapika, na waliobaki wakala chipsi za wenzao. Kesho yake tukapanda feri ya visiwani kwenda Eday. Pembeni ya kisiwa hicho kuna mlango wa bahari uitwao Fall of Warness, ambako maji hukimbia kwa kasi inayokaribia mita nne kwa sekunde. Tukauona kwa mbali mtambo wa manjano, Orbital O2, uliojengwa Dundee na kushushwa majini mwaka 2021. Ni kama bomba la chuma linaloelea, urefu wake mita 74, lenye mikono miwili iliyozama, na kila mkono una mapanga kama ya pangaboi kubwa. Mkondo unayazungusha mapanga, na umeme unapita kwenye waya wa chini ya bahari hadi nchi kavu. Uwezo wake ni megawati 2.

Aliyekulia Nungwi, Mafia au Kilwa hahitaji kufundishwa zaidi ya hapo. Wakati wa bamvua maji yanakimbia, wakati wa maji mafu yanalegea, na ratiba yote anayo mwezi. Upepo unaweza kukunyima wiki nzima bila taarifa. Kupwa na kujaa kwa mwaka 2040 kunaweza kupigiwa hesabu leo hii.

Basi mtoto mmoja wa darasa la sita akatuuliza, "Kama unafanya kazi, mbona uko mmoja tu?" Sisi watu wazima tukaangaliana.

Jibu lake lina mambo mengi ya kiufundi, maana chumvi, dhoruba na maji ya kasi vinaharibu chuma. Lakini sehemu kubwa ya jibu ni fedha za umma: jinsi zilivyotolewa, zikakatwa, zikatolewa tena. Na hadithi yenyewe inaanzia hapa hapa Edinburgh. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, Stephen Salter wa Chuo Kikuu cha Edinburgh alibuni mtambo wa kuvuna nguvu ya mawimbi. Watu wakauita Bata, kwa sababu ulikuwa ukiinamisha na kuinua kichwa juu ya wimbi. Serikali ya Uingereza ikaweka fedha kwenye utafiti wa mawimbi, wahandisi wakakusanyika, mabwawa ya majaribio yakajengwa. Kisha mwaka 1982 mpango ukakatwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba umeme huo ungekuwa ghali mno. Salter alibishana na hesabu zile mpaka uzeeni, akisema gharama zilikuzwa. Alifariki mwaka 2024, mwezi wa Februari, na Bata wa ukubwa kamili hakuwahi kuingia baharini.

Zikapita kama miaka ishirini. Mwaka 2003, kwa fedha za umma, kikaanzishwa kituo cha EMEC huko Orkney ili mwenye mtambo aje aujaribu baharini bila kulazimika kujilazia waya wake mwenyewe. Mwaka uliofuata mtambo wa mawimbi uitwao Pelamis, mrefu kama joka, ukaingiza umeme kwenye gridi kutoka hapo. Mwaka 2008 mitambo mitatu ya aina hiyo ikapelekwa Ureno. Miezi michache baadaye ikarudishwa bandarini: kulikuwa na matatizo ya kiufundi, na mtikisiko wa fedha wa dunia ukamwangusha mwenye mtaji. Mwaka 2014 kampuni ya Pelamis ikafilisika. Mwaka uliofuata ikafuata kampuni nyingine ya hapa Edinburgh, Aquamarine Power. Mnaweza kukisia magazeti yalisema nini. Fedha za walipa kodi zimetupwa baharini.

Sisi hatusomi hivyo, ingawa hatukatai kwamba fedha zilipotea. Tunavyoona, serikali ilimlipia mtoto ada mpaka darasa la saba, kisha ikamwambia sekondari ajitafutie mwenyewe. Fedha za majaribio zilikuwepo. Soko la kuuza umeme kwa miaka kumi na tano, ambalo benki ingelitazama na kukubali kukopesha, halikuwepo. Serikali ya Uskoti ilijifunza kitu hapo. Mwishoni mwa 2014 iliunda Wave Energy Scotland, ikanunua ujuzi wa Pelamis usipotee, na ikaanza kulipia gharama za ubunifu hatua kwa hatua: ukifaulu hatua hii unasonga mbele, usipofaulu unabaki. Umma unapoteza kidogo kidogo badala ya kupoteza kwa mkupuo.

Sasa tuje kwenye bei, maana hapo ndipo ugomvi wa Oktoba ulipokuwa.

Mkulima wa karafuu wa Pemba anajua maana ya kuambiwa bei kabla hajapanda mkarafuu kuchuma. Huku Uingereza kuna mikataba inayofanana na hiyo kwa umeme. Mzalishaji anashindana mnadani na kupewa bei ya uhakika. Soko likiwa chini ya bei hiyo, analipwa tofauti. Soko likipanda juu yake, anairudisha yeye. Fedha za kulipia tofauti hiyo hutoka kwa kampuni zinazotuuzia umeme, na kampuni zinatubebesha sisi kwenye bili. Hapo mzee wetu yuko sahihi kabisa.

Katika minada ya 2017 na 2019 umeme wa mikondo uliwekwa pamoja na upepo wa baharini, na haukupata mkataba hata mmoja. Ilikuwa kama kumpambanisha kijana wa mazoezini na bingwa. Mwaka 2022 serikali ikatenga pauni milioni 20 kwa mwaka kwa ajili ya mikondo peke yake. Mara moja ikapatikana mikataba ya karibu megawati 41. Mwaka 2023 zikaja megawati 53, na Septemba 2024 megawati 28. Sera ileile isiyojaa hata ukurasa mmoja, "hizi ni zenu, shindaneni wenyewe kwa wenyewe," ilifanya kazi ambayo miaka mitano ya hotuba haikufanya.

Bei yake? Hatutaificha. Mwaka 2022 ilikuwa pauni 178.54 kwa megawati-saa moja, yaani yuniti elfu moja, kwa thamani ya pauni ya mwaka 2012. Ni kama peni 18 kwa yuniti kabla ya gharama nyingine zote. Upepo wa baharini katika mnada uleule ulikubaliwa kwa pauni 37.35. Karibu mara tano! Lakini upepo huohuo, mwaka 2015, ulipewa zaidi ya pauni 110. Uliteremka kwa sababu mitambo ilijengwa kwa wingi, mafundi wakazoea, viwanda vikakua. Baadaye bei yake imepanda tena kiasi, kwa hiyo tusidanganyane kwamba kila kitu kinashuka milele. Mikondo nayo iliteremka kidogo mwaka 2024, hadi pauni 172, baada ya kupanda mwaka 2023 hadi 198. Haijawa rahisi. Tunachosema ni kwamba hakuna njia ya kujua kama itakuwa rahisi pasipo mtu kulipia mitambo ya mwanzo.

Je, ni nani huyo mtu? Zile pauni milioni 20, ukizigawa kwa nyumba za Uingereza ambazo ni kama milioni 28, hazifiki pauni moja kwa nyumba kwa mwaka. Tulipoitoa hesabu hii kwa mzee wetu faraghani, alicheka, akasema, "Pauni moja siyo tatizo, tatizo ni pauni moja zilizoshikana mikono." Ni kweli. Bili imebeba tozo za kila namna, na anayewasha hita saa mbili kwa mita ya kulipia kabla anachangia kwa kila yuniti sawasawa na mwenye jumba la vyumba nane.

Kwa hiyo tumeibadilisha barua. Bado inaomba fedha za mikondo zitengwe kila mnada, tena kwa miaka mingi inayojulikana mapema, ili historia ya 1982 isijirudie. Lakini sasa inaomba pia kwamba gharama za kukuza teknolojia changa zilipwe kutoka kodi ya mapato, ambako mwenye nacho hutoa zaidi, badala ya kupachikwa kwenye bili ya umeme. Kuna wanakamati wawili ambao bado wanaona tumechanganya mambo mawili kwenye barua moja. Huenda ni kweli.

Mtauliza, haya yote yanahusu nini sherehe ya Desemba 9? Yanatuhusu. Ukinunua LUKU nyumbani, soma risiti: kuna mstari wa REA, asilimia 3. Ni tozo ya kupeleka umeme vijijini. Yaani bibi yako wa Tandika naye huchangia, kwa kila anachonunua, nguzo ya kijiji asichokijua. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, limejengwa kwa fedha za serikali yetu, na mtambo wake wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Kwa hiyo asitokee mtu kutuambia Watanzania hatujui kulipia nishati kwa pamoja.

Na waliotoka Visiwani wanajua bahari na umeme vinavyokutana. Unguja hupata umeme wake kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mwaka 2008 umeme ulikatika karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Baadhi yetu tulikuwa huko. Maji hayakupanda kwenye matangi kwa sababu pampu hazikuwa na umeme, jenereta zilinguruma Mji Mkongwe usiku kucha, samaki wa Darajani waliuzwa kwa bei ya kutupa kabla ya jioni. Waya mpya wa megawati 100, uliolipiwa na Wamarekani, ulianza kazi 2013, na hali ikawa nyingine. Lakini ukisimama Nungwi ukatazama maji yanavyopita, huwezi kuacha kujiuliza.

Hata hivyo, tusikimbilie kununua mitambo. Nguvu ya mkondo hufuata kasi yake kwa namna kali: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nane, kasi ikiwa nusu, unabaki na sehemu moja ya nane. Mahali pazuri kwa macho ya mvuvi panaweza kuwa pabaya kwa hesabu ya mhandisi. Tungekuwa na sauti Dodoma au Zanzibar, tungeomba fedha ndogo ya umma kwa kazi isiyopigwa picha za magazeti: kupima mikondo ya kwetu, mlango kwa mlango, msimu wa kusi na wa kaskazi, kwa miaka kadhaa, na kuwasomesha vijana watakaosoma vipimo hivyo. Jua la kwetu ni jingi na paneli zimeshuka bei. Huenda vipimo vikasema bahari isubiri. Hilo nalo ni jibu lenye thamani, na ni rahisi kuliko kulipata baada ya mtambo kuzama.

Ninyi vijana wa huku mna nafasi ambayo wenzenu wa kule hawana. Kwenye eneo la sayansi la chuo kikuu hapa mjini, dakika chache kwa basi, kuna bwawa la duara la FloWave, upana wake mita 25, linaloweza kutengeneza mawimbi na mikondo kutoka kila upande. Kazi hizi hazitaki maprofesa peke yao. Orkney tulikutana na wachomeleaji, mabaharia na wanagenzi wa miaka kumi na saba. Mmoja alimwambia binti yetu kwamba baba yake ni mvuvi, na kwamba bila mitambo hiyo angehamia mji mwingine kutafuta kazi. Binti akamjibu kwa Kiingereza cha Leith kwamba babu yake pia ni mvuvi, wa Kojani.

Barua iko mezani, kushoto mwa mlango, pamoja na kalamu. Imeandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili. Asiyetaka kusaini asisaini, na mwenye neno la kuongeza aliandike pembeni. Tutaipeleka Jumatatu ya pili ya Januari na maoni hayo yakiwa yameambatanishwa. Mzee wetu wa Oktoba ameisoma jana usiku. Amesaini, na chini ya jina lake ameandika kiasi cha bili yake ya Novemba.